Mabaharia Waliozikwa na Mifereji Yao

Kilichoninyima usingizi kilikuwa swali la kijinga: maiti ya baharia inahitaji mfereji wa kutolea maji kwa kazi gani?

Nililigeuza swali hilo kitandani siku tatu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na chali. Siku ya nne nilikata tiketi ya basi kwenda kwetu Njombe, kwenye baridi, mbali kabisa na maji ya chumvi, kuuliza habari za bahari. Naomba msomaji asinicheke kabla hajasikia sababu. Akishaisikia, ruksa.

Mji wenyewe nitauita Mkongeni. Si jina lake. Jina lake liko kwenye vipeperushi, na wenye vipeperushi wana mawakili. Uko pwani, upande wa Tanga. Zamani palikuwa na shamba la mkonge na kambi ya vibarua. Leo pana hoteli, mchanga uliochekechwa, na viti vya kulalia ambavyo mtu akivikalia wima anaonekana mshamba. Mmojawapo wa wenye hoteli, Madamu Zuhura, alinichukua kwa miezi mitatu niandike mabango sita ya historia ya mji, wageni wayasome wakitoka ufukweni kwenda kula. Kazi ikimpendeza, angenipa cheo cha msimamizi wa urithi. Sikujua msimamizi wa urithi anasimamia nini, ila nilionyeshwa ofisi yake na ilikuwa na feni. Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili nyuma, shahada ya historia, na tangu hapo urithi pekee niliousimamia ulikuwa kochi la sebuleni kwa baba.

Mabango matano yalikwenda vizuri. La sita lilihusu Makaburi ya Mabaharia.

Makaburi hayo yako nyuma ya hoteli, ng'ambo ya barabara ya vumbi, kwenye bonde la udongo mzito ambalo halioti kitu. Ni vilima virefu vya udongo, thelathini na nane, vimepangwa safu kwa safu, na kila kimoja mwishoni kimepinda kidogo kama omo, ile pua ya mbele ya jahazi. Hamisi, kijana anayetembeza wageni, huwaambia kwamba jahazi lilivunjika hapo enzi za kale, na wenyeji wakawazika mabaharia kwa umbo la chombo chao, omo zikielekea kwao. Wageni huvua kofia. Mama mmoja alilia mpaka miwani ikaingia ukungu.

Siku ya kwanza na mimi nilivua kofia. Siku ya pili niliinama nikapima kwa futi kamba, kwa ajili ya bango. Siku ya tatu niliona kwamba kati ya kila kaburi na jirani yake kuna mfereji, na mifereji yote inashuka kwenye mfereji mmoja mkubwa. Nikavaa kofia yangu.

Kwetu Ubena mtoto hujua kitu hicho kabla hajajua kusoma. Ni vinyungu. Kiangazi kikifika na kilimani pamekauka, watu hushuka bondeni kwenye unyevu, huinua matuta, huchimba mifereji kati yake, hupanda maharage na viazi. Mimi nimelima vinyungu likizo zote za shule ya msingi, na mgongo wangu haujasahau.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Katika ukoo wetu kuna sifa moja ambayo hutajwa kila harusi: dada yake babu, Bibi Anjelina wa Uwemba, alimfuata mumewe kwenye mashamba ya mkonge akiwa binti wa miaka kumi na saba, akalima vinyungu kandokando ya bahari, akavuna maharage yaliyolisha kambi nzima. Baba huisimulia akiwa amesimama.

Nilichukua daftari nikagawa ukurasa. Upande mmoja: kama ni vinyungu nami nikiandika makaburi, nimekuwa mwongo mwenye shahada. Upande wa pili: kama ni makaburi nami nikiandika vinyungu, nimewatukana marehemu thelathini na wanane kwa mkupuo. Kisha nikaongeza upande wa tatu, "Mengineyo": Hamisi atakula nini? Je, Mbena akikaa ugenini huona vinyungu kila mahali, kama fundi cherehani anavyoona suruali? Na feni?

Madamu Zuhura alitaka maandishi Jumatano ijayo. Nilikuwa na juma moja.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, Hamisi alinikuta kituoni na begi.

"Mbena! Unatoroka kazi?"

"Nakwenda nyumbani. Bibi anaumwa."

"Bibi zenu wote huumwa siku ya kukabidhi kazi ikikaribia."

"Hamisi, nani alikwambia kuwa wale ni mabaharia?"

"Mjomba wangu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Mjomba hakupenda kuulizwaulizwa," akasema. "Na mimi nimerithi." Akanisukumia begi ndani ya basi. "Msalimie mgonjwa. Ukirudi niletee parachichi, yale yenu makubwa, si kisingizio kingine."

Safari ya siku ile haina cha kusimulia zaidi ya kwamba niliandika maswali ishirini na matatu ya kumwuliza Bibi Anjelina, kisha nikayafuta kumi na manane kwa kuyaona hayana adabu. Nililala Morogoro kwa rafiki niliyesoma naye. Yeye anauza vifuniko vya simu na analala kama gogo.

Ijumaa tulipita Mikumi nyani wakitutazama kama watu waliochelewa, tukapanda Kitonga nyuma ya lori lililokuwa likihema kuliko abiria. Iringa watu wakaanza kufunga madirisha. Mafinga mama aliyekaa mbele yangu alitoa sweta, halafu sweta la pili, halafu akanigeukia mimi na fulana yangu ya ufukweni yenye picha ya mnazi.

"Wewe mwanangu," alisema, "mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi si yeye aliyekuvalisha."

Saa kumi jioni tuliingia Makambako. Asiyeijua Makambako aielewe hivi: ni njia panda ambapo kila mtu anakwenda mahali pengine, isipokuwa upepo, ambao umeamua kukaa. Baba ana sehemu yake ya kuuzia mbao karibu na barabara kuu. Nilimkuta amejifunga skafu ya mama, anapima mbao za paina kwa jicho.

Nilimweleza yote tukiwa tumesimama. Nilitegemea atashangaa. Baba alifurahi.

"Kwa hiyo vinyungu vya Shangazi bado vipo? Niliwaambia watu! Alilisha kambi nzima!"

"Baba, shida ni kwamba hoteli inasema ni makaburi."

Akapunguza furaha kidogo, kama mtu anayepunguza redio. "Hoteli ndiyo inayokupa kazi?"

"Ndiyo."

"Ya kudumu?"

"Ina feni."

Baba akatazama barabara. "Basi andika makaburi. Sisi tunajua ukweli wetu, unatutosha. Mwanangu, umekaa miaka miwili kwenye lile kochi. Limebonyea umbo lako."

Mama alipika viazi na njegere, akaniletea sweta langu la sekondari. Mikono ilinifika kwenye viwiko.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilipanda gari dogo kwenda Njombe. Kwenye kona ya Kichiwa tulipakia magunia ya viazi na mwenye viazi, ambaye alikalia gunia moja na kuniwekea miguu juu ya begi bila chuki yoyote. Mashamba ya paina yalipita, ya chai yakapita, kila penye ubavu wa kilima mtu amepanda mti. Watu wetu hawawezi kuona ardhi iliyokaa bure. Ni ugonjwa, na nilikuwa naenda kuuthibitisha. Njombe nilinunua sukari, sabuni na mkate wa kumpelekea Bibi, nikachukua bodaboda hadi Uwemba, macho yakitoka machozi kwa baridi, mwendeshaji akiniuliza kila dakika tano kama nimefiwa.

Bibi Anjelina anaishi chini kidogo ya misheni, nyumba ya matofali yenye moshi mpole. Jirani alinyoosha kidole: yuko bondeni. Nikashuka na mkate wangu.

Kutoka juu ya mteremko niliyaona. Bonde lote la Bibi lilikuwa matuta meusi ya udongo mbichi, safu kwa safu, mifereji katikati, na kila tuta mwishoni limepinda kidogo upande wa kushoto. Mashamba ya majirani, kulia kwake na kushoto kwake, yalikuwa yamenyooka kama rula.

Nilisimama pale nikisahau baridi.

"Nani huyo amesimama kama karani wa sensa?" sauti ikatoka bondeni.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene. Nani?"

"Daudi wa Makambako, mtoto wa Yohana muuza mbao."

"Wale Walutheri?"

"Ndiyo, Bibi."

"Shuka tu, Mungu ni yuleyule. Jembe liko pale."

Sikupata nafasi ya kutoa hata swali moja kati ya yale matano. Nililima. Bibi ni mdogo kwa umbo, amejifunga kanga juu ya koti la marehemu mumewe, na jembe lake linakwenda kama la mtu anayedaiwa na ardhi. Mimi baada ya tuta moja nilikuwa nimevua lile sweta la sekondari.

"Unalima kama unaandika," alisema. "Unakata, unafikiri, unafuta."

"Bibi, kwa nini matuta yako yanapinda mwishoni?"

"Mimi ni mashoto. Nikifika mwisho, udongo unaniangukia huku. Mama alinichapa, mume wangu akanung'unika, sista wa misheni alinifunga mkono kwa kitambaa. Tuta halikunyooka. Kwa nini unauliza? Umeletwa kukagua?"

Nilitoa simu nikamwonyesha picha niliyopiga Mkongeni. Aliishika mbali, kisha karibu, kisha mbali.

"Nani amepiga picha shamba langu?"

"Si hapa, Bibi. Ni pwani, Mkongeni. Kwenye lile shamba la mkonge la zamani."

Bibi Anjelina, ambaye ameshawachapa wajukuu kwa kukanyaga tuta, alikaa juu ya tuta.

"Bado yapo?"

"Thelathini na nane."

"Tulilima arobaini," alisema. "Mawili yalikuwa karibu na maji."

Nikamweleza kuhusu Hamisi, mabaharia, omo za vyombo, kofia zinazovuliwa. Alianza kucheka polepole, halafu akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji ya chupa.

"Wazungu wanavua kofia! Kwa maharage!" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha kicheko kikamwisha ghafla. "Hata maharage yenyewe hayakuwepo."

Sasa niandike alivyoniambia, maana hapa ndipo sifa ya ukoo wetu ilipovunjika, na mimi nilikuwa nimekaa karibu kabisa na kishindo.

Walikuwa wanawake wanne wa Ubena kambini: Anjelina mwenyewe, Tulalumba, Yustina na Sekunda, wake wa wakata mkonge. Kiangazi kilipofika waliona lile bonde. Lina unyevu, liko tambarare, na hakuna mtu aliyelilima. "Tukasema, watu wa pwani kweli ni wavivu. Bonde zuri hivi limekaa bure!" Mpishi wa kambi, mtu wa palepale, aliwafuata siku ya pili. Akawaambia: hapa bamvua likija, maji ya bahari hufika. Wakamshukuru kwa adabu, kisha wakacheka alipoondoka. Walidhani anataka bonde awe nalo yeye. Akaja tena wakiwa kwenye tuta la ishirini. Yustina akamwimbia wimbo wa dhihaka kwa Kibena, wa mtu anayeogopa kushika jembe. Hakuuelewa, lakini alielewa.

"Maharage yaliota," Bibi alisema, akiinua kidole. "Hilo uliandike. Yaliota vizuri, mistari mizuri ya kijani. Wiki mbili. Halafu asubuhi moja tulikuta bahari imekaa kati ya matuta, imetulia, kama mgeni aliyekaribishwa. Ilipoondoka, kila kitu kilikuwa cheupe kwa chumvi."

"Na habari ya kulisha kambi?"

"Mume wangu, Mungu amrehemu. Tuliporudi, watu walimwuliza mkewe alifanya nini huko. Angesema nini? Kwamba alipanda maharage baharini? Akasema nililisha kambi. Mimi nilikuwa jikoni, nikanyamaza. Kunyamaza siku moja ni heshima kwa mume. Nimenyamaza mpaka meno yameisha."

Hapo akaniambia jambo ambalo sikuwa nikilijua. Kila mwaka vinyungu vikianza, wanawake wa bonde lile huja kuchukua mbegu ya kwanza mkononi mwake. Kiganja kimoja tu, cha kufungulia, kwa sababu mkono wake ulistawisha maharage hata kwenye mchanga wa pwani. Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

"Sasa wewe msomi," alisema, "ukiandika kule, habari itafika huku?"

Nilifikiri. Nilifikiri kwa sauti, hilo ndilo kosa. Nilimweleza kuhusu simu, wageni wanaopiga picha mabango, kijana yeyote wa Uwemba anayeweza kuiona, upande huu, upande ule, na mengineyo.

"Basi," Bibi akanikatiza. "Umeongea kama mvua ya masika. Nakuuliza inafika au haifiki?"

"Inaweza kufika."

"Lima," alisema. Tukalima mpaka jua likazama.

Jumapili nilikwenda misa, Mlutheri peke yangu, nikipiga magoti nyuma ya wengine kwa nusu sekunde kama mtu anayeigiza ngoma asiyoijua. Baada ya misa wanawake kumi na wawili walifuatana na Bibi mpaka uani kwake, wamebeba vitambaa vya kufungia mbegu. Bibi alitoka na ungo wa maharage, akauweka chini, akasimama.

"Kabla hamjachukua," alisema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, "yale maharage ya pwani sikuvuna hata punje. Bahari iliyala. Mume wangu aliwadanganya mama zenu, na mimi nikamsaidia kwa kunyamaza. Hizi mbegu nimenunua soko la Njombe, kama mtu yeyote."

Kuku mmoja akapita.

Mama mmoja mnene, mwenye kitenge cha Bikira Maria, akauliza: "Mama Anjelina, uliyapanda baharini kabisa?"

"Kandokando. Ikaja ikatukuta."

"Na hukuambiwa?"

"Niliambiwa mara mbili."

Yule mama akaanza kucheka. Wakacheka wote, si kicheko cha huruma, kicheko cha kweli, cha kupigana mabegani. Mwingine akasema, "Na sisi mwaka wa baridi kali tulikuja kwako, maharage yote yakaungua kwa sakitu, tukasema labda tulisahau kusema asante!" Walipomaliza kucheka, yule mnene alitandaza kitambaa chake akakinga.

"Utachukua?" Bibi akauliza.

"Mkono si uleule? Weka, mama, nina ugali jikoni."

Wakachukua wote kumi na wawili. Mimi nilitazama ile foleni nikajionea aibu kimyakimya. Bibi alikuwa amepata usiku mmoja wa kufikiri, nami nilikuwa na juma zima, shahada na daftari lenye pande tatu.

Walipoondoka alinipa masharti yangu, akiyahesabu kwa mkono wa kushoto. Majina yote manne yaandikwe, lake lisiwe kubwa kuliko mengine. Iandikwe kwamba maharage yaliota. "Na la tatu, mpishi. Andika kwamba alituambia. Sikuwahi kumwomba radhi yule bwana. Aliondoka kambini kabla yetu."

"Jina lake nani, Bibi?"

"Tulikuwa tunamwita Mpishi," alisema, na nadhani hilo ndilo lililomwuma kuliko chumvi.

Jumatatu, saa nne asubuhi, nilikuwa tena Makambako, na upepo ulikuwa haujaondoka. Nilimweleza baba. Nilimtazama mtu mzima akipoteza hadithi yake ya harusini hivi hivi, mchana kweupe, mbele ya wateja.

"Hata debe moja?"

"Hata punje, baba."

Akaenda kupanga mbao ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alizipanga upya zote. Nilipobeba begi kwenda stendi alinifuata, ameshika ubao mmoja wa paina uliotiwa dawa, mpana, umepigwa randa, pamoja na nguzo yake.

"Karatasi utampa huyo Madamu, atakunja," alisema. "Kama umeamua kuandika, andika kwenye kitu."

"Baba, bado sijaamua."

"Najua. Wewe amua njiani. Ubao uende mbele."

Kondakta alisema ubao hauwezi kuingia, kisha akasema unaweza, kisha akauliza jeneza ni la nani. Usiku ule na Jumanne yote nilisafiri na ubao wa baba chini ya basi na parachichi za Hamisi mapajani. Mahali fulani baada ya Morogoro nilifungua daftari, nikasoma zile pande tatu, nikashangaa jinsi zilivyokuwa nadhifu.

Jumatano, saa tatu asubuhi, nilimpa Madamu Zuhura mabango matano safi, na la Makaburi nikiwa nimeliandika upya. Alisoma akiwa amesimama chini ya ile feni.

"Maharage?" alisema.

"Ndiyo, Madamu."

"Daudi, hakuna mtu anayepanda ndege kuja kuona mahali ambapo maharage yalikufa." Hakukasirika. Ni mwanamke mwenye akili, na angalau alisoma mpaka mwisho. "Wewe ni mwandishi mzuri. Nirudishie mabaharia wangu, ofisi hii ni yako. Nenda ukafikiri, uniambie kesho."

Ningeweza kusema nilijibu kishujaa. Ukweli ni kwamba mdomo wangu ulishafunguka kusema "sawa". Kufikiri mpaka kesho ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Sijawahi kupewa muda wa kufikiri nikaukataa. Lakini niliona ule ungo wa mbegu chini, na wanawake wakikinga vitambaa.

"Nimeshafikiri, Madamu," nilisema. "Mabango matano nakuachia. Bango hili si la kwako tena, na kazi siitaki."

Nikaazima jembe kwa mtunza bustani, nikavuka barabara. Lile bonde si la hoteli. Liko nje ya uzio, na hakuna aliyewahi kulitaka, isipokuwa wanawake wanne. Nilikuwa nimeandika ubao kwa rangi nyeusi asubuhi ileile, nimepiga magoti uwanjani kwa mama mwenye nyumba wangu. Nilichimba shimo la nguzo mbali na tuta la kwanza, nisilikanyage, nikasimamisha, nikashindilia.

Hamisi alikuja na wageni wake sita wakati nafukia. Aliwaacha kivulini akaja mbio.

"Mbena, unafanya nini kwa wafu wangu?"

"Soma."

Akasoma, midomo ikicheza:

*Haya ni matuta ya bustani. Yalilimwa na Anjelina, Sekunda, Tulalumba na Yustina, wanawake wa Ubena, wake wa wakata mkonge. Maharage yaliota. Kisha bahari ikaja. Mpishi wa kambi, mtu wa hapa, alikuwa amewaambia.*

"Umeniulia wafu thelathini na wanane kwa mkupuo mmoja," alisema Hamisi. "Hata jahazi lao halikufanya hivyo." Alinitazama kama anayetafuta mahali pa kunipiga pasipo na mfupa. "Na kazi yako?"

"Nimeiacha."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Wewe? Wewe huchukua nusu saa kuchagua soda." Akageukia tena ubao. Akatazama matuta, mifereji, ile mikia iliyopinda, na nilimwona akiviona kwa mara ya kwanza. "Huyu Anjelina aliambiwa, na bado akapanda?"

"Aliambiwa mara mbili. Bado yuko hai. Anasema mkimpata mtu yeyote wa ukoo wa yule mpishi, anaomba radhi."

Hamisi akatoa sauti puani. "Mpishi wa kambi! Hapa kila mtu atasema ni babu yake." Akapokea mfuko wa parachichi, akaupima kwa mkono, akarudi kwa wageni wake bila kuniaga.

Nilijua anaweza kuwapitisha upande wa pili, mbali na ubao, na kuanza jahazi lake palepale alipozoea. Sikumfuata. Niliegemea jembe nikatazama.

Aliwaleta mpaka kwenye tuta la kwanza. Mzee mmoja akaanza kuvua kofia.

"Hapana, baba, vaa tu, jua kali," Hamisi akamwambia, akakuna shingo, akanitupia jicho la mtu atakayedai zaidi ya parachichi. Kisha akawageukia wote, akapandisha sauti yake ile ya kazini.

"Maharage," alisema, "yaliota."